Winchi ya Umeme Imegoma: Maswali Tunayoulizwa Kila Msimu wa Mvua Hapa Dodoma

Mvua zikianza Desemba mpaka zikate Aprili, simu ya karakana haipumziki. Mmoja yuko Bahi pembeni ya majaruba, mwingine Mpwapwa, mwingine ameacha lami ya Kondoa kilomita tatu tu nyuma, na wote wana hadithi moja: gari limezama, winchi imegoma. Kiangazi winchi hizo hizo zilikuwa pambo mbele ya bampa, zinakula vumbi, hakuna aliyezigusa.

Majibu haya yanahusu winchi za betri (mota inayozungusha ngoma na kuvuta gari kwa waya wa chuma au kamba), hasa za volti 12, zile zinazofungwa kwenye Land Cruiser, Land Rover, Hilux na ndugu zao. Karibu na mwisho tumeweka na swali la winchi ya nanga ya boti. Usicheke, limeulizwa zaidi ya mara moja.

1. Fundi, nikibonyeza rimoti nasikia "tak!" halafu kimya. Mota imekufa?

Inawezekana, ila usianze na mota. Hiyo "tak" ni solenoidi inashika. Solenoidi ni swichi kubwa inayovutwa na swichi ndogo: kidole chako kinapitisha umeme kidogo kwenye rimoti, umeme huo unavuta sahani ya shaba ndani ya solenoidi, sahani inaunganisha bolti mbili nene, na hapo ndipo umeme mwingi unapopita kwenda kwenye mota. Kwa hiyo ukisikia mlio, rimoti inapeleka, na waya mwembamba unafanya kazi. Kosa litafute kwenye njia nene. Njia hiyo ina vituo vichache: kichwa cha betri, waya wa pozitivu, solenoidi, mota, na waya wa negativu wa kurudi nyumbani.

Chukua mita, iweke kwenye volti za DC. Gusa risasi za betri zenyewe (vile vichwa viwili, pozitivu na negativu), usiguse klempu zinazovibana. Betri iliyoshiba na kutulia inasoma kama 12.6. Sasa mwenzako abonyeze rimoti, wewe macho yasitoke kwenye mita. Namba isiposogea kabisa, hakuna umeme unaotoka: pana mahali pamekatika, au solenoidi inalia lakini sahani yake imeungua, haipitishi. Namba ikiporomoka mpaka 8 au 7, ama betri imechoka, ama mota imekwama na inakula umeme bila kuzunguka. Kutofautisha hayo mawili, legeza klachi ya winchi (mkono unaounganisha ngoma na gia) ngoma iwe huru, bonyeza tena. Mota ikizunguka, haijakwama. Mzigo ndio ulioishinda betri. Na namba ikishuka kidogo tu, tuseme 12.1, huku winchi imelala, umeme unapotea njiani. Nenda swali la 3.

Niseme na la kwangu. Miaka ya nyuma nilimuuzia mzee mmoja wa Kongwa mota mpya. Nilisikia tak, nikaona kimya, nikatamka kama daktari: mzee, mota hii imeisha. Tukafunga mpya. Tak, kimya. Jasho lilinitoka. Nusu saa baadaye nikakuta waya wa negativu umefungwa kwenye bampa lililopakwa rangi wiki iliyotangulia. Bolti imekaa juu ya rangi, haijagusa chuma. Kazi ya dakika tano na kipande cha msasa. Mzee hakugomba. Aliniuliza tu, "Sasa ile ya kwanza, mwanangu, ilikuwa na kosa gani?" Nilimrudishia hela yake, na tangu siku hiyo kwenye karakana hii mita inatoka kabla ya spana.

2. Betri yangu ni mpya na gari linawaka kwa nusu funguo. Inakuwaje ishindwe winchi?

Stata inakula umeme mwingi kwa sekunde mbili tatu, basi. Winchi ya kati ikibeba mzigo kamili inakula ampea 400 hivi, na haiachi baada ya sekunde mbili. Alteneta ya gari la kawaida inatoa labda 80, tena injini ikiwa inazunguka vizuri. Zilizobaki, ampea 300 na zaidi, zinatoka kwenye betri. Betri ya ampea-saa 70 kwa hesabu ya karatasi ingemaliza dakika 13. Kwa kweli haifiki hata nusu ya hapo, kwa sababu betri ikinyonywa kwa kasi inatoa kidogo kuliko ilivyoandikwa.

Kwa hiyo injini iwe inanguruma muda wote unapovuta, juu kidogo ya sailensa (mzunguko wa injini usipokanyaga mafuta). Vuta kidogo, pumzika, vuta tena. Mtu anayezima gari "asimalize mafuta" halafu akavuta kwa winchi tunamwona jioni, analetwa na trekta.

3. Umesema umeme unapotea njiani. Unapoteaje wakati waya ni mzima?

Hili ndilo swali ambalo kama watu wangeliuliza kwanza, wengi wetu tusingekuwa na kazi.

Fanya hesabu moja. Winchi inavuta kwa ampea 300. Kwenye njia kuna kiungo kimoja kichafu, chenye ukinzani wa ohmu 0.01. Ni kidogo mno. Mita ya kawaida ukiiweka kwenye ohmu haitakionyesha vizuri. Zidisha: 300 mara 0.01 ni volti 3. Betri inatoa 12, mota inapokea 9. Na zile 3 hazikuyeyuka hewani: volti 3 mara ampea 300 ni wati 900, nguvu ya pasi ya umeme, zote zinachemsha nati moja. Ndiyo maana unaona plastiki ya waya imeyeyuka karibu na kichwa cha betri tu, kwingine kote ni mzima.

Kuwapata wezi hawa hupimi ohmu, unapima volti wakati kazi inaendelea. Weka ncha moja ya mita kwenye risasi ya pozitivu ya betri na nyingine kwenye bolti inayoingiza umeme kwenye mota. Mwenzako avute kitu kizito kiasi, hata gari lingine lililofungwa breki. Mita sasa haisomi nguvu ya betri, inasoma kilichoibiwa kati ya sehemu hizo mbili. Nusu volti naivumilia. Ikivuka moja, nafungua. Halafu fanya vivyo hivyo upande wa negativu: kutoka kwenye bodi ya mota mpaka risasi ya negativu. Upande huu ndio watu wanausahau, na kwa uzoefu wangu ndio wenye makosa mengi. Baadaye sogeza ncha kituo kwa kituo mpaka uone namba inaruka. Ukishaona imeruka, mwizi yuko katikati ya vidole vyako.

Asiye na mita avute nusu dakika, akate umeme, kisha apitishe mkono juu ya kila kiungo, taratibu. Kiungo cha moto kuliko jirani zake ndicho.

Tiba yake ni ya kishamba: fungua, osha unga mweupe au wa kijani kwa maji ya vuguvugu yenye magadi kidogo (yasiingie ndani ya betri), kausha, piga msasa mpaka chuma king'ae, funga kwa nguvu, halafu ndiyo upake grisi kwa juu. Wapo wanaopaka grisi kwanza wakafunga juu yake. Sijui walifundishwa na nani.

Kuhusu waya: kwa winchi ya kati tunafunga wa milimita za mraba 35, na 50 kama betri iko mbali. Waya wa negativu uende mpaka kwenye betri yenyewe, usiishie kwenye chesisi. Na ukinunua waya mtaani, kwangua nyuzi zake kwa kisu. Zikiwa nyekundu nje na nyeupe ndani, hiyo ni alumini iliyovishwa shaba. Irudishe dukani.

4. Inavuta vizuri lakini haiachii waya wa kuvutia. (Au kinyume chake.)

Hapa umebarikiwa, kwa sababu nusu ya uchunguzi umeshafanyika. Kama upande mmoja unafanya kazi, betri ni nzima, negativu ni nzima, kaboni za mota (zinazopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka) nazo bado zinagusa. Limebaki swali moja: kosa liko kwenye rimoti au kwenye solenoidi ya upande ule?

Ondoa mzigo, ngoma iwe huru. Kwenye kisanduku cha solenoidi kuna nyaya mbili nyembamba zinazotoka kwenye rimoti, moja ya kuvuta, moja ya kuachia. Zibadilishane. Sasa bonyeza kile kitufe kilichokuwa kimekufa. Kikifanya kazi na kile kingine kikafa, rimoti haina kosa, solenoidi ndiyo mbovu. Kikiendelea kufa, tatizo liko kwenye rimoti au waya wake. Ukimaliza rudisha nyaya mahali pake kabla hujasahau, maana vitufe sasa vimegeuka na mtu anaweza kuumia.

5. Niliachia kitufe na winchi ikaendelea kuvuta! Ilikuwa nini ile?

Sahani ya solenoidi imejichomelea kwenye bolti zake. Mara nyingi chanzo ni betri dhaifu: umeme ukiwa mdogo solenoidi haishiki kwa nguvu, inatetemeka, cheche zinaruka, shaba inayeyuka na kuganda pamoja. Kwa hiyo anayelazimisha winchi kwa betri iliyochoka haui betri tu.

Likitokea, usibonyeze kitufe cha kuachia ukidhani unairudisha nyuma. Kwenye winchi nyingi za solenoidi nne hapo unaweza kuunganisha pozitivu na negativu uso kwa uso. Kata umeme wote. Kwa sababu hii tunakataa kufunga winchi bila swichi kubwa ya kukatia karibu na betri, mahali mkono unapofika bila kutafuta spana. Wateja wanaona tunawaongezea gharama. Sawa, lakini waya ule mnene hauna fyuzi kwenye magari mengi, unapita karibu na chesisi, na barabara zetu za changarawe zinausugua mwaka mzima. Siku plastiki ikiisha, bila swichi hiyo utasimama unatazama gari likiungua.

6. Nikibonyeza hakuna hata mlio.

Swichi kubwa imewashwa? Usikasirike, tunauliza kila siku. Ikiwa imewashwa, tazama plagi ya rimoti: pini zilizopinda, kutu, tope lililokauka. Kisha waya wa rimoti pale unapoingia kwenye mpini, ndipo unapokatikia kwa ndani huku ngozi ya nje ikionekana nzima. Ukitaka kuiruka rimoti, chukua kipande cha waya, gusisha kutoka pozitivu ya betri mpaka pini ndogo ya solenoidi, ngoma ikiwa huru na vidole vikiwa mbali. Ikilia na mota ikazunguka, nunua rimoti. Isipolia, angalia negativu ya kisanduku cha solenoidi kabla ya kulaumu solenoidi.

7. Mota inalia, ngoma haizunguki.

Klachi haijaingia. Mkono wake unaweza kuwa umefika kwenye alama lakini meno ya gia hayajakutana. Zungusha ngoma kidogo kwa mkono, utasikia yanadondokea mahali pake. Vumbi la huku nalo linachangia, linachanganyika na grisi na kuwa kama simenti. Usiigonge kwa nyundo. Mota nyingi za bei nafuu zina sumaku zilizogundishwa ndani ya ganda. Nyundo inazibandua, na hapo ndipo utakuwa kweli na mota iliyokufa.

Klachi ikiwa imeingia na bado ngoma imelala, gia au shafti imekatika. Hiyo lete.

8. Inavuta gari juu ya mteremko, nikiachia kitufe gari linarudi polepole.

Kabla ya kuilaani breki, angalia waya umezungushwa upande gani kwenye ngoma. Breki ya ndani ya winchi nyingi hushika upande mmoja tu. Mtu amebadilisha waya nyumbani, akauzungusha kinyume, sasa ili avute anabonyeza kitufe cha kuachia na anaona sawa tu, kumbe anavuta bila breki. Kwenye winchi nyingi waya unatoka chini ya ngoma. Kuna kibandiko au mshale unaoonyesha, ukiwa haujafutika.

Waya ukiwa sawa na bado inateleza, breki imelika. Kinachoimaliza haraka ni kuteremsha mzigo kwa umeme, kwa sababu breki inasuguana njia nzima. Kwenye winchi ambazo breki iko ndani ya ngoma, joto hilo linaenda moja kwa moja kwenye kamba. Kamba za sintetiki tumeziona zimeyeyuka tabaka la kwanza, mwenye gari hajui kwa nini.

9. Imeandikwa kilo 4,300. Gari langu halifiki tani tatu. Kwa nini inashindwa?

Kwa sababu mbili, na zote zinaumiza.

Ya kwanza: zile 4,300 ni za tabaka la kwanza la waya, lile linalogusa ngoma. Kila tabaka linaloongezeka juu yake linanenepesha ngoma, na ngoma nene ina nguvu ndogo, kama vile ilivyo vigumu kuzungusha gurudumu kubwa kuliko dogo. Kwa kila tabaka unapoteza sehemu moja ya kumi au zaidi. Ngoma ikijaa matabaka manne, una kama theluthi mbili tu ya kilichoandikwa. Watu wanafunga kwenye mti ulio mita nne mbele kwa sababu ni karibu, waya wote bado umejaa kwenye ngoma, halafu wanalalamika. Chagua mti wa mbali. Toa waya mwingi, ila bakiza mizunguko isiyopungua mitano ya waya wa chuma, au kumi kwa kamba, kwa sababu kinachoshika si ile skrubu ya mwisho, ni msuguano wa mizunguko hiyo.

Ya pili: uzito wa gari siyo uzito wa mvuto. Udongo mweusi wa mbuga, kama wa Bahi, ukikauka unapasuka nyufa za kuingiza mkono. Ukilowa unashika kama ugali wa moto. Kanuni ya watu wa kuvuta magari ni kwamba tope likifika kimo cha tairi, unahitaji nguvu inayolingana na uzito mzima wa gari. Likifika kwenye madigadi, mara mbili. Gari la tani tatu lililozama mpaka madigadi linataka tani sita. Winchi yako haina.

Basi beleshi litoke kwanza. Ondoa tope mbele ya tairi na chini ya ekseli, mahali gari limekalia tumbo. Robo saa ya beleshi inaishinda winchi kubwa. Pili, tumia kapi. Peleka waya mpaka kwenye kapi lililofungwa mtini, urudishe ndoano kwenye gari lenyewe. Nguvu inakaribia kuwa mara mbili, mwendo unakuwa nusu, na mota inakula umeme mdogo zaidi kwa mzigo ule ule. Kapi moja tu. Sielewi kwa nini watu wananunua winchi ya bei kubwa na kukosa kapi.

Na dereva asaidie: gia ya chini, tairi zizunguke polepole kulingana na waya. Zikizunguka ovyo zinachimba kaburi.

10. Naweza kufunga kwenye mbuyu? Huku hakuna miti mingine.

Unaweza, ila mbuyu ni mnene kwa macho na laini kwa ndani. Ukizungushia mnyororo au waya wenyewe, unakata ganda kama kisu kwenye boga. Tumia mkanda mpana, uufunge chini karibu na ardhi. Mkwaju au mgunga mkubwa ni bora. Pasipo na mti kabisa, na sehemu kama hizo ziko nyingi, chimba shimo refu, zika tairi la spea likiwa limesimama kuangalia gari, mkanda utoke kwenye mfereji mwembamba, fukia, kanyaga. Ni kazi ya saa nzima, na inatoa gari.

Kabla ya kuvuta, tandaza koti zito au gunia lenye mchanga kidogo katikati ya waya. Ukikatika unaanguka chini badala ya kuruka. Watoto wa kijiji watakuja kutazama, hilo halina shaka. Wapeleke mbali kuliko urefu wa waya wote.

11. Inachemka mpaka inatoa harufu.

Acha. Winchi za gari hazikutengenezwa kuvuta mfululizo. Tunashauri dakika moja ya kuvuta kwa nguvu, halafu upumzike dakika kadhaa, injini ikiwa inawaka ili betri irudi. Kipimo ni kiganja: ukishindwa kukiweka juu ya mota, subiri. Ikitoa moshi, kaboni au koili zimeanza kuungua, na saa ile hakuna utakachookoa kwa kuendelea.

12. Ilizama kwenye korongo. Sasa hivi inafanya kazi. Niiache?

Usiiache. Makorongo yetu yanajaa ghafla na maji yake ni nusu mchanga. Maji yakiingia kwenye mota hayatoki yenyewe. Kutu inaanza kula beringi na kugandisha kaboni kwenye vishikio vyake, na utakuja kujua mvua za mwakani. Siku ile ile, endesha ngoma ikiwa huru kwa muda mfupi mfupi, joto lake likaushe ndani. Wiki ile ile, fungua kifuniko cha mota uone. Grisi ya gia ikiwa ya rangi ya maziwa, imechanganyika na maji: osha, weka mpya.

Na kiangazi, hata kama hujakwama, toa waya wote (ila ile mizunguko ya kubakiza ya swali la 9) na uuvute tena walau mara moja kwa mwezi, ukiwa na mzigo mwepesi ili ujipange vizuri. Swali hili lingekuwa na jibu fupi kama watu wangefanya hivyo.

13. Gari langu ni volti 24. Nafunga winchi ya 12 kwenye betri moja?

Land Cruiser kadhaa zilizotoka Japani ni za 24, na malori karibu yote. Kuchukua 12 kwenye betri moja kati ya mbili inafanya kazi kwa siku chache, halafu betri moja inabaki na njaa na nyingine inashiba kupita kiasi, zote zinakufa mapema. Nunua winchi ya 24. Faida yake, kwa kazi ile ile inakula nusu ya ampea, kwa hiyo hata wale wezi wa swali la 3 wanaiba kidogo.

14. Mdogo wangu ni baharia kwenye boti ya matanga pwani. Winchi ya nanga imegoma. Nyie wa Dodoma mnaweza kusaidia?

Sisi maji makubwa tunayoyajua ni bwawa la Mtera na la Hombolo. Lakini mota ya winchi ya nanga na hii ya gari ni ndugu wa tumbo moja: betri, solenoidi, mota, gia. Kwa hiyo mwambie aanzie swali la 1, na aongeze yafuatayo.

Boti nyingi zina swichi ya kujikata kwenye mstari wa winchi, imewekwa karibu na betri, wakati mwingine chini ya kitanda. Ikizidiwa inaruka yenyewe, na mtu anaweza kufanya kazi kwenye boti miaka miwili bila kujua ilipo. Aitafute kwanza.

Halafu umbali. Betri ziko nyuma au katikati, winchi iko mbele kabisa. Boti ya mita 12 ina zaidi ya mita 20 za waya kwenda na kurudi. Winchi ya wati 1,000 inakula ampea 80 na zaidi, kwa hiyo waya mwembamba unaimaliza kabla haijaanza. Apime volti zilizopotea kama tulivyosema, injini ikiwa inawaka. Chumvi nayo inaingia ndani ya waya, chini ya plastiki: akichuna na kukuta shaba nyeusi, aendelee kukata mpaka apate shaba safi, na asipoipata abadilishe wote.

Kitufe cha kukanyaga kwa mguu juu ya sitaha ndicho kinachokufa kabla ya vyote. Mpira wake unapasuka kwa jua, maji ya chumvi yanaingia, ndani panakuwa kijani. Na kisanduku cha solenoidi kikiwa kimefungwa ndani ya chumba cha mnyororo, penye unyevu siku zote, kihamishwe.

Mota ikizunguka na mnyororo usipande, aangalie klachi, kwenye boti nyingi inakazwa kwa mpini tu. Mnyororo ukiruka kwenye meno, gurudumu lake limelika au mnyororo si wa saizi yake. Tofauti ya nusu milimita inatosha kuharibu. Ukikwama wakati unaingia, achungulie chini: mnyororo unajirundika kama kichuguu mpaka unafika kwenye tundu. Ausambaze kwa mkono, umeme ukiwa umekatwa.

Na asiitumie winchi kuvuta boti kuelekea nanga. Injini ya boti isogeze boti mbele, winchi iokote mnyororo uliolegea. Usiku boti ikiwa imelala nangani, mvuto ubebwe na kamba ya nailoni iliyofungwa kwenye nguzo ya sitaha. Gia za winchi hazikuumbwa kuhimili mawimbi.

15. Nikiileta karakana nije na nini?

Njoo na rimoti. Watu wanatoka Manyoni na winchi imefungwa kwenye gari, rimoti imebaki nyumbani juu ya kabati. Waya ukiwa umekatika, leta kipande chenye ncha ya kukatikia, tunaona kama ulisagika au ulizidiwa. Na usiioshe winchi kabla ya kuileta. Tope lililokauka linatuonyesha maji yaliingilia wapi.